Jinsi ya kucheza adui mpaka watu wakuogope kweli: kaa chini umsome Amrish Puri

Hii naiandika kwa vijana wetu wa hapa Dar ambao kila wakiitwa lokesheni wanapewa kucheza adui, na pia kwa yeyote aliyekulia kwenye picha za Kihindi na sasa anataka aziangalie kwa jicho la kazi. Tatizo kubwa la maadui wetu ni kelele. Mtu akishaambiwa wewe ndo jambazi basi anavaa miwani nyeusi hata kama sini ni ya usiku, anatoa mimacho, anacheka kicheko kirefu kisicho na sababu, anamfokea mama wa watu mpaka maiki inakwaruza, halafu mtazamaji kule nyumbani anaendelea kumenya chungwa lake wala hana habari. Mimi naamini dawa ipo na haina ada: chukua kazi za mtu mmoja aliyecheza ubaya maisha yake karibu yote, uzisome kwa mpangilio, ujaribu kila kitu kwa mdomo wako na mwili wako. Mtu mwenyewe ni Amrish Puri, mwigizaji wa India.

Kwa wadogo zetu ambao hawakumkuta, alizaliwa 22 Juni 1932 Nawanshahr, Punjab, akafariki Mumbai 12 Januari 2005, na katikati hapo alicheza filamu zaidi ya 400. Jiji hili limependa Kihindi toka enzi za kumbi za Empire, Avalon na ile Drive In ya Msasani ambayo eneo lake leo ndo pana ubalozi wa Marekani, zikaja kaseti za video, vikaja vibanda umiza, na ukishika picha za miaka ya 80 na 90 huyu mzee utamkuta humo kwa wingi, yule mwenye sauti nzito na macho makubwa anayemfanya steringi atoke jasho.

Sasa tuanze kazi. Kitu cha kwanza weka pembeni kopi zilizotafsiriwa na madijei. Nawaheshimu sana, marehemu Lufufu na DJ Mack wamelea nusu ya mji huu kuanzia Manzese mpaka Mbagala, na kuna mistari yao watu bado tunaitaja mpaka leo. Lakini fikiria kinachotokea pale, dijei anaongea JUU ya sauti ya mwigizaji. Kwahiyo kama umemjua Puri kwenye picha za kutafsiriwa sura yake unaijua ila sauti yake hujaisikia bado, na sauti ndo nusu nzima ya huyu mtu. Nenda kwa wale wanaojaza muvi kwenye flashi Kariakoo au mtaani kwako, mwambie nataka orijino yenye maandishi ya chini, isiyo ya dijei, atakushangaa kidogo ila atakutafutia. Au tumia bando la usiku, picha nyingi za zamani za Kihindi ziko YouTube nzima nzima.

Ukishaipata usiiangalie kwanza. Vaa hedifoni, lala chali, laza simu kifudifudi juu ya kifua usikilize dakika kumi za sini zake bila kuona chochote. Hujui Kihindi? Vizuri zaidi, maana maneno hayatakuvuta na utabaki na mdundo peke yake. Sikiliza anavyoanza sentensi chini kabisa kana kwamba hana haraka na mtu, sikiliza anapokata katikati akanyamaza huku mwenzie anasubiri, halafu sikiliza neno la mwisho, hata siku moja halimezi. Maadui wetu wengi neno la mwisho linafia kooni kwasababu pumzi walishaimaliza kwenye kufoka. Chukua mstari wa Kiswahili wa kawaida, mfano "kesho saa mbili asubuhi nataka funguo za nyumba mezani", urekodi kwa simu: mara moja kwa kufoka, mara moja kwa kunong'ona, halafu mara ya tatu useme taratibu ukatulia kabla ya neno "mezani". Mpe mtu wa kwenu asikilize zote tatu, umuulize ipi ingemfanya alale macho.

Hapo ndo uanze kuangalia, na usianzie Mogambo, yule adui wake maarufu wa kwenye Mr. India. Najua kila mtu anamtaka Mogambo, ila ukianzia pale utaondoka na wigi na joho tu. Anza na filamu za dairekta Shyam Benegal za miaka ya 70, ambazo hazina makeke wala ngumi za kuruka. Nishant ya 1975, humo ni mwenye ardhi na kijiji kizima kiko chini ya miguu yake na ya wadogo zake, wanafikia kumteka mke wa mwalimu na hakuna wa kuwagusa. Angalia anavyokaa tu. Mtu mwenye nguvu kweli hajitutumui, wengine ndo wanaojikunja akipita, kwahiyo nusu ya uadui wake unachezwa na wale wanaomwogopa. Kumbuka hilo siku ya mazoezi, kaa na wale wanaocheza vijana wako na wafanyakazi wako mkubaliane wakuangalieje ukiingia, maana wakikuangalia kama mshikaji wao hata ufoke vipi umeshaanguka.

Manthan ya 1976 nayo usiiruke. Ile filamu ina historia ya peke yake, wafugaji 500,000 wa Gujarat walichanga rupia mbili mbili kila mmoja ndo ikatengenezwa, na inahusu ushirika wa maziwa. Puri ni mwenye kiwanda binafsi anayewanyonya wafugaji na hataki ushirika uanze. Humo hana bastola wala genge la mapanga. Ana tabasamu, ana lugha nzuri, na anaongea kama mtu anayekutakia mema. Sisi hawa tunao kila kona, yule anayenunua mazao ya wakulima kwa bei ya kutupa huku anawaita ndugu zangu, na sioni kwanini tamthilia zetu zimng'ang'anie jambazi wa kofia wakati huyu wa tabasamu yupo na hajachezwa vizuri.

Ila ambayo ningetaka uirudie mpaka uichoke ni Bhumika ya 1977. Smita Patil ni mwigizaji wa filamu aliyechoshwa na mumewe na maisha yake, akakutana na tajiri anaitwa Vinayak Kale, ndo Puri huyo. Mpole, msomi, ana jumba kubwa shamba, anamchukua akae kwake kama mke. Kila kitu kizuri. Kuna mama mkwe, kuna mtoto, kuna mke mkubwa mgonjwa kitandani, na yule dada anatulia kabisa, mpaka siku anapotaka kumpeleka mtoto kwenye maonesho na kuambiwa hakuna kutoka. Ndo anagundua kwamba humo ndani mwanamke hatoki nje ya geti. Hapigwi na hatukanwi. Puri anasema hapana kama vile mtu anavyokwambia leo maji hayatoki, ndo utaratibu wa nyumba, na kwa utulivu ule ule uliokuwa unampendeza mwanzoni sasa unatamani kumkimbia. Mimi hiyo naiona inatisha kuliko Mogambo na majeshi yake yote. Fanya zoezi hili: tafuta mwenzio achezee mtu anayeomba ruhusa ya jambo dogo tu, kwenda harusini Temeke tuseme, na wewe ukatae mara tano bila kupandisha sauti, bila kukunja uso, bila kueleza sababu. Mara ya tano mwenzio asipojisikia kubanwa, rudieni.

Hapa nisimame kidogo kwenye maisha yake maana kuna somo wengi hawalijui. Kaka zake wawili, Chaman na Madan, walimtangulia kwenye filamu, na Madan Puri alikuwa adui mwenye jina kubwa tu. Bado yeye alipojaribiwa kwenye kamera miaka ya 50 alikataliwa. Hakurudi nyumbani kulia, alikwenda kuajiriwa kwenye shirika la serikali la bima ya wafanyakazi, na jioni akawa anacheza jukwaani chini ya mwalimu wake Satyadev Dubey. Miaka na miaka! Filamu alianza kuonekana kwenye 1970 hivi akikaribia umri wa miaka 40, na heshima ya jukwaa ilikuja kuthibitishwa mwaka 1979 kwa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya sanaa za jukwaa kule India. Mogambo mwenyewe kamcheza akiwa na miaka 54. Kwahiyo wewe una miaka 26 umeshakata tamaa eti hujatoka, mdogo wangu tulia, tafuta kazi ya kukulipia kodi na chakula kisha jioni na wikiendi uingie mazoezini.

Na jukwaa lilimpa nini? Kuna mchezo wa Mohan Rakesh unaitwa Adhe Adhure ambao mwigizaji mmoja anatakiwa acheze wanaume watano tofauti, na kwenye utayarishaji wa Dubey mtu huyo alikuwa Puri. Huwezi kucheza watano kwa kubadilisha shati tu, lazima ubadili uzito wa mwili, kasi ya kuongea, unavyoshika glasi. Kwa hapa kwetu wenye nafasi kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo, kuna sanaa bunifu Chuo Kikuu Mlimani, kuna Nafasi Art Space Mikocheni, na kama hata nauli ya huko ni shida, vikundi vya maigizo vya mtaani na vya kanisani vipo na jukwaa ni jukwaa. Chagua watu watano unaowajua, mwenye nyumba, kondakta, mjumbe, mganga, dalali, useme mstari ule ule wa funguo kwa miili yao mitano. Hii fanya miezi, sio siku moja.

Sasa ndo Mogambo karuhusiwa. Mr. India, 1987, dairekta Shekhar Kapur, steringi ni Anil Kapoor na dada ni Sridevi. Humo Puri kavaa mavazi ya kung'aa, kakaa kwenye kiti cha enzi, anaamuru askari wake wajirushe kwenye tindikali na wanajirusha kweli. Ni mkubwa mno, karibu katuni, na hata hivyo unamwamini. Kwanini? Angalia vidole. Anavigonga gonga taratibu, mtu mwenye muda wote wa dunia, halafu ndo inakuja ile "Mogambo khush hua", Mogambo amefurahi, sentensi ya maneno matatu ambayo watu wameibeba mpaka leo. Haifoki. Anaisema kama mtu aliyeonja chakula akaridhika, na kwakuwa kila akifurahi kuna mtu anaumia, ile furaha ndo inakutisha. Kwahiyo ukitaka adui wako awe mkubwa mpe jambo moja dogo la mwili na mstari mmoja mfupi, halafu vitumie kwa ubahili. Mara ya kwanza watu hawatajali, mara ya pili watatambua, mara ya tatu wakiona tu mkono unasogea watajua kuna mtu anakwenda kuumia. Ukivitumia kila sini umeviua. Na usiibe vidole vya Mogambo, tafuta vyako.

Kwenye kundi hili la wakubwa weka na Nagina ya 1986, yule mganga wa nyoka anayepambana na Sridevi kwa filimbi, ambayo nadhani hakuna mtaa wa Dar haijapita. Na Indiana Jones and the Temple of Doom ya Steven Spielberg ya 1984 ambayo alicheza kuhani Mola Ram, akanyoa kichwa kwa ajili hiyo, na ule upara baadae ukamfaa kwenye picha nyingine kwasababu mtu mwenye upara anaweza kuvalishwa wigi lolote. Hilo jambo la sura lichukulie siriasi. Wengi wetu tunaenda lokesheni na nywele za mtindo wa wiki hii na cheni zetu za shingoni, halafu tunategemea watu waamini kwamba sisi ni mwenyekiti wa kijiji wa mwaka 1978.

Kundi linalofuata ni la maadui wenye hoja, na hapa ndo naona tunaweza kunufaika haraka zaidi. Meri Jung ya 1985 ni wakili anayeshinda kesi kwa ujanja mpaka asiye na hatia ananyongwa, na alipata tuzo ya Filmfare, tuzo kubwa ya filamu za Kihindi, ya mwigizaji msaidizi kwa hiyo. Damini ya 1993 tena ni wakili, anatetea watoto wa matajiri waliombaka mfanyakazi wa ndani, na anavyomhoji yule shahidi mwanamke mahakamani unasikia hasira mpaka kwenye meno. Hajioni mbaya hata sekunde moja. Yuko kazini. Ndo maana nasema kabla hujashika mistari ya skripti andika utetezi wa adui wako. Tuseme umepewa baba mdogo anayewanyang'anya watoto wa marehemu nyumba ya Sinza, hii stori ipo kila familia. Kaa uandike ukurasa mzima kama vile umesimama mbele ya baraza la kata unajitetea: nani alimsomesha marehemu, nani aliuza ng'ombe wake kijijini kiwanja kikanunuliwa, nani alimuuguza Muhimbili huku mjane yuko kwao, na leo hii eti mimi ndo mgeni? Andika mpaka na wewe mwenyewe uanze kumwonea huruma. Ukiingia sini na hilo kichwani huna haja ya miwani nyeusi, macho yatakuwa yanadai haki yake na mtazamaji atachanganyikiwa kidogo, na kuchanganyikiwa huko ndo woga wenyewe.

Halafu tenga siku moja ya 1995. Mwaka huo huo mmoja alitoka Karan Arjun na Dilwale Dulhania Le Jayenge, ziangalie siku moja, ya kwanza mchana na ya pili jioni. Kwenye Karan Arjun ni Durjan Singh, anaua vijana wawili wa mama yao, mama anamlilia Mungu wa kike Kali mpaka watoto wanazaliwa upya na kuja kulipa. Ubaya mtupu. Kwenye DDLJ ni Baldev Singh, mwenye duka London, baba mkali anayelisha njiwa asubuhi huku anawaza Punjab, na mwisho pale stesheni kashika mkono wa binti yake, Simran, treni inaondoka na Shah Rukh, mpenzi wa binti, yuko mlangoni, mpaka mzee anauachia ule mkono. Vifaa ni vile vile kabisa! Macho yale, sauti ile, ule ukimya kabla ya kusema. Sijaona mahali pengine unapoweza kuliona hili waziwazi namna hii: mtu yule yule, utulivu ule ule, kwa Durjan unakuwa kifo na kwa Baldev unakuwa mapenzi ya baba asiyejua kusema nakupenda. Pale anapouachia mkono simamisha picha, rudisha, angalia tena uso peke yake ukiwa umezima sauti. Halafu jiulize kwenye adui wako ni wapi angeweza kuachia na hakuachia. Kila adui mzuri ana hiyo sekunde, na skripti nyingi haziiandiki, inabidi wewe uiweke kwa macho.

Siku ya kushuti yenyewe nina machache tu. Dar ina kelele, bodaboda, jenereta, wauza maji, kwahiyo mtu wa sauti atakuomba upaze. Mwambie akusogezee maiki, usikubali kupandisha uadui wako kwasababu ya bodaboda. Kibao na kukaba shingo lazima mfanye mazoezi kabla na mwenzio awe amekubali, kumpiga mtu kweli ili ionekane kali ni kukosa ufundi, na mwenzio akishakuogopa kikweli hawezi tena kuigiza. Na usishindane na steringi kwa kuonekana, kazi yako ni kumfanya mtazamaji aamini kwamba safari hii steringi anaweza kushindwa.

Ukianza kuonekana kwenye tamthilia jiandae, kondakta atakuita kwa jina la adui na mama wa sokoni atakusema vibaya mbele za watu kwa mambo ambayo hukuyafanya. Msalimie shikamoo, mwambie jina lako halisi, endelea na safari. Hatari yenyewe iko kwa maprodyuza, watakaokuona mbaya tu na watakupigia simu ya jambazi maisha yako yote. Kwa hilo iangalie Ghatak ya 1996, humo Puri ni baba mgonjwa, mzee wa watu anayedhalilishwa na maadui mpaka anavishwa mnyororo wa mbwa, na tuzo ya Filmfare alipewa kwa huyo mzee mnyonge, mwaka uliofuata akapata nyingine kwa Virasat ambayo pia ni baba mwenye heshima zake. Kwahiyo rekodi kwa simu yako klipu mbili za dakika moja moja, kwa mwanga wa dirishani tu inatosha: moja ukimwambia mtu kwa upole kwamba nyumba sio yake tena, nyingine ukimuaga binti yako anayesafiri asubuhi stendi ya Mbezi. Shati moja, kiti kimoja, sauti hiyo hiyo. Kila dairekta akikuomba klipu ya adui mtumie zote mbili.